Mahori Yaliyong'aa

Ninaandika haya miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, na mke wangu, Mama Eliza, ameshanionya kwamba tone likimwagika sakafuni nitapiga deki mwenyewe. Miaka ishirini na sita nimesimama ndani ya maji ya Njombe. Mwezi wa saba ukitia mkono katika maji yale, ukiutoa huna hakika kama ni wako. Sasa baridi yabisi imehamia magotini na haina dalili ya kuondoka. Ninyi vijana wa kituo mliniaga kwa chai na mkate, mkanipa na blanketi zuri, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Haya. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu sijaona samaki aliyepona kwa cheo cha mtu. Nitaandika kuhusu mayai na vifaranga, na nitaandika kosa moja. Kosa ni langu mimi, Zakaria Mgaya. Aliyelibeba ni Mzee Chaula, ambaye ninyi mnamjua kama kizee kiziwi anayekaa benchi la mbele kanisani.

Siku ya kwanza nilifika kituoni nimevaa viatu. Mzee Chaula alikuwa amechuchumaa penye mdomo wa mfereji. Ni Mkinga wa kule milimani Makete, mfupi, masikio makubwa, na wakati huo nywele zake zilikuwa nyeusi tititi. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda.

"Kamwene, mwanangu. Hivyo viatu ni vya samaki au vya harusi?"

"Ni vya kazi, Mzee."

"Basi vivue uanze kazi."

Nikavivua. Mpaka leo sijui vilikwenda wapi.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya mabanzi iliyoezekwa kwa nyasi, kando ya kijito kinachoshuka kuingia Ruhuji. Ndani kulikuwa na mahori sita ya mbao, mfano wa mahori ya kulishia ng'ombe lakini marefu zaidi, yamepakwa lami. Humo ndimo tulimolea mayai ya trauti, wale samaki wa kigeni wenye madoa ambao Wazungu waliwaleta ili wajaze vijito vya baridi vya huku kwetu mpaka Kitulo. Maji yaliingia kwa mifereji ya mianzi. Mianzi hiyo Mzee Chaula aliikata mwenyewe, akaitoboa mafundo mwenyewe kwa chuma cha moto, akaiunganisha mmoja hadi mwingine kutoka juu kabisa ya kijito. Mwanzi ukioza aliujua kwa sauti ya maji kabla haujavuja.

Kazi aliyonifundisha ndiyo hii mnayoifanya ninyi. Asubuhi unachukua unyoya wa kuku, unapita hori baada ya hori, kila yai lililogeuka jeupe unalitoa, maana likiachwa linaota ukungu na kuwaambukiza wenzake. Yakianguliwa, vifaranga wanakaa chini wakibeba kifuko chao cha chakula tumboni, na siku wanapoanza kuogelea unawasagia maini ya ng'ombe na kuyakamua kwenye kitambaa. Mama Eliza alipogundua kwamba samaki wanakula maini kila siku na sisi tunakula maharage, alininunia juma zima. Ukungu ukishika samaki, unawaogesha katika maji yenye mrututu kidogo, yale mawe ya buluu. Kidogo, nimesema. Mrututu ni shaba hiyo. Ukizidisha, matamvua ya samaki, pale anapopumulia, yanajaa ute mweupe, naye anakufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa tele. Nilizidisha mara moja, nikaona. Likumbukeni hilo la ute, tutalirudia.

Watu wa kijijini walipouliza samaki hawa ni wa nini, niliwaeleza kwamba Wazungu huwavua kwa uzi mwembamba wenye manyoya, huwapima, huwasifu, na mara nyingine huwarudisha mtoni wakiwa hai. Hapo pa kuwarudisha baadaye niliacha kupasema. Walikuwa wananiona mwongo.

Jambo moja la Mzee Chaula lilinichekesha. Kila asubuhi, hata kabla ya kuamkiana, alikinga maji kwa kiganja pale mdomo wa mfereji, akayaonja, akayazungusha mdomoni, akatema. "Leo mvua imenyesha juu. Yana majani." Au, "Leo ng'ombe wamevuka." Nami nikasema, Mzee, si tunacho kipimajoto?

"Kipimajoto kinajua baridi," akasema. "Kingine hakijui."

Miaka ikaenda hivyo. Vita ya Hitla ikaja, ikachukua vijana, ikaisha. Baada ya vita tukaletewa Bwana Samaki mpya, yaani Mzungu msimamizi wa kituo. Vitani alikuwa melini, na melini kwao, alituambia, hata msumari hung'arishwa. Sisi tukamwita Bwana Safi. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamwonea. Alikuwa hapigi mtu, alikuwa anajua kazi ya mayai, na mtoto wangu wa pili alipougua surua alituletea maziwa. Ila alipenda vitu ving'ae, na kila Jumamosi saa nne alipita kukagua.

Mwaka wake wa pili aliagiza mahori mapya na bomba. Yaliletwa na lori la barabara kuu mpaka Makambako, na dereva akakataa kuingia barabara yetu kwa sababu ya matope. Mzee Chaula na mimi tukatumwa na gari dogo kuyapokea. Mnaujua upepo wa Makambako. Tulisimama pale njiapanda tumejifunika magunia, na mahori yale sita ya bati yamepangwa kando ya barabara, yanang'aa hata ukitaka kunyolea ndevu ungenyolea. Mimi nikasifu. Mzee Chaula akainama, akaweka ulimi kwenye ukingo wa hori.

Dereva alicheka mpaka akashika tumbo. "Mzee, kwenu hamna chumvi?"

Mzee Chaula alikuwa amekunja uso. "Linauma," akaniambia. "Kama umeweka ufunguo mdomoni."

Tuliporudi alimwambia Bwana Safi waziwazi, sisi sote tukiwa tumesimama pale. "Bwana, mianzi na samaki wanaelewana. Hiki chuma sikijui. Tujaribu hori moja kwanza."

"Mianzi naoza," akasema Bwana Safi. "Mianzi chafu. Hii bati ndiyo ya kisasa. Wewe Chaula, sasa kazi yako kufagia."

Wallahi, niliona uso wa mzee ukibadilika. Mtu aliyeleta maji yale kwa mikono yake miaka kumi na zaidi anapewa ufagio mbele ya watu. Aliupokea ufagio, akaanza kufagia. Lakini kila mtu aliona, na wakati ulipofika wa kumtafuta mtu mwenye kinyongo, hawakwenda mbali.

Miezi ya kwanza vifaranga walikufa wachache, kisha wakatulia. Bati lilikuwa limeanza kufifia, limeota kama ngozi ya kijivu. Bwana Safi akapitisha kidole ndani ya hori akakiangalia.

"Mgaya. Hii nini?"

"Ni bati linazeeka, Bwana."

"Hii uchafu. Jumamosi nataka ona uso yangu ndani."

Sasa sikilizeni, kosa lenyewe ni hili. Mimi ni Mbena, nimelelewa na mama aliyesugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka chini pakawa peupe kama juu. Kwetu mgeni huziangalia sufuria kabla hajawaangalia watoto, na bibi arusi mwenye sufuria nyeusi husemwa mpaka kwao alikotoka. Bwana Safi aliagiza mng'ao, hakutaja mchanga. Mchanga ni mimi. Kila Ijumaa nilikwenda mtoni kuchota ule mchanga laini, nikauchanganya na majivu ya jikoni. Jumamosi alfajiri niliwahamishia samaki hori la jirani, nikalikausha hori, nikalisugua kwa kipande cha gunia hadi likawaka. Kisha nikafungulia maji na kuwarudisha. Saa nne Bwana Safi alijiona uso wake, akaniambia, "Mzuri sana, Mgaya." Na mimi nikafurahi. Nakiri, nilifurahi sana.

Mzee Chaula alikuwa mlangoni na ufagio wake. "Mgaya, unalichuna ngozi hilo."

"Bwana anataka ling'ae, Mzee."

"Na samaki wanataka nini?"

Nikajifanya sikusikia. Niliendelea kusugua.

Jumatatu yake tukakuta vifaranga wamejazana kwenye wavu wa kutokea maji, kama wanaotafuta mlango. Walikuwa weusi kuliko kawaida, midomo wazi, wengine wanazunguka ubavu. Jioni wengi walikuwa wamelala chini. Wale wadogo kabisa ndio waliotangulia, wakubwa wa mwaka jana katika bwawa la nje hawakuguswa. Wiki iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Ulikuwa mwaka ambao mkubwa mmoja alikuwa anatarajiwa kutoka Dar es Salaam kuja kuvua, na Bwana Safi alikuwa ameahidi vijito vijae. Aliacha kula. Alitembea kando ya mahori akisema na nafsi yake kwa Kiingereza.

Sijui nani alilitamka neno utupa kwanza. Utupa mnaujua, kile kichaka ambacho majani yake yakipondwa na kutiwa katika dimbwi samaki hulewa na kuelea, ukaokota kwa mikono. Neno likipita hapo kituoni halikuhitaji miguu. Tarishi akatumwa nyumbani kwa Mzee Chaula, akarudi na matawi ya utupa mabichi, aliyoyakata kandokando ya shamba la viazi la mzee.

"Ni wa kufukuza fuko," Mzee Chaula akasema. "Fuko hapendi mizizi yake. Nendeni shamba lolote hapa Njombe, mtaukuta."

Ilikuwa kweli. Shambani kwangu ulikuwepo, safu nzima. Sikuulizwa, nami sikujitaja.

"Nani iko na hasira juu ya bomba?" akauliza Bwana Safi. "Nani?"

Hakuna aliyejibu, na kutojibu kwetu kukawa jibu. Mzee Chaula aliachishwa kazi papo hapo. Boma walimhoji wakamwachia kwa kukosa ushahidi, lakini katika daftari la kituo, lile jekundu mnaloandikia idadi ya mayai, karani aliandika kwamba vifaranga waliuawa kwa sumu ya utupa, na kando yake jina la Chaula. Siku ile anaondoka nilikuwa nimesimama penye hori na gunia mkononi. Aliniangalia mimi, akaliangalia gunia, akachukua kofia yake akaenda. Sikuwa nimejua bado, naomba mnielewe. Lakini maneno yake nilikuwa nimeyasikia.

Kupoteza kazi lilikuwa jambo dogo. Maji ya kijito chetu yanateremka mpaka kwenye visima vya watu, na habari ilipofika kanisani haikuwa tena habari ya samaki wa Wazungu. Ikawa kwamba Chaula ametia sumu katika maji ya kunywa. Wazee wa kanisa wakamwita. Wakamwambia asimame mbele ya usharika atubu, asamehewe, mambo yaishe. Wengi hufanya hivyo, hata kwa makosa makubwa kuliko hayo, na Jumapili ya pili wanakuwa wameshasahauliwa.

"Siwezi kumwomba Mungu msamaha wa jambo ambalo Yeye mwenyewe anajua sikulifanya," akasema. "Nitakuwa namdanganya Yeye ili niwafurahishe ninyi."

Wakamtenga na Chakula cha Bwana. Kila Jumapili alikuja. Alikaa benchi la nyuma kabisa, na wenzake walipokwenda mbele kushiriki yeye alibaki, kofia juu ya magoti. Mkewe alikwenda mbele peke yake. Na nyumbani kwake watu waliacha kunywa togwa. Mnajua desturi, mwenye nyumba huonja kwanza ndipo akupe kibuyu, ili uone hakina neno. Mzee Chaula alionja, akampa mgeni, na mgeni akasema ametoka kunywa sasa hivi. Mmoja, wa pili, wote. Mkewe akaacha kupika togwa ya wageni.

Kituoni vifaranga waliendelea kufa. Watu wakasema mzee ameacha dawa yake ardhini.

Kisha mimi nikaugua kichomi, nikapelekwa hospitali ya misheni, Ilembula, nikalala wiki mbili. Niliporudi nikaingia nyumba ya mayai nikijiandaa kwa msiba, nikakuta vifaranga wamechangamka, wanarukia chakula. Mahori yamefifia, ya kijivu, hakuna aliyesugua. Bwana Safi alikuwa na furaha ila kidole chake kikapita tena ndani ya hori. "Mgaya, karibu. Jumamosi, eh?"

Jumamosi nikasugua. Jumatatu wakafa.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamchukua kifaranga mmoja nikamfunua matamvua kwa kijiti. Ute mweupe. Ule ule wa mrututu, na mrututu hatukuwa tumeutumia mwaka huo. Niliingiza kidole katika maji ya hori nikayaonja, mimi niliyekuwa nacheka. Yaliuma kama ufunguo.

Kwa faida yenu nitaeleza kama nilivyokuja kuelezwa baadaye. Bati ni chuma kilichopakwa zinki, na maji yetu ya milimani ni laini mno. Ndiyo maana sabuni kidogo inatoa povu jingi. Hayana chokaa ya kuishika zinki, kwa hiyo inayeyuka humo na kwenda moja kwa moja kwenye matamvua. Samaki mkubwa anavumilia, kifaranga havumilii. Mtu anakunywa wala hajui. Bati likiachwa linaota ngozi ya kijivu, na ngozi hiyo inapunguza sumu. Ukilisugua kwa mchanga umelifanya jipya. Mimi nililifanya jipya kila Jumamosi.

Nilitaka hakika. Nikachukua chungu cha mama na ndoo mpya ya bati niliyoisugua, nikavijaza maji ya kijito kile kile, nikaweka vifaranga kumi na wawili kila chombo. Siku ya tatu wa chungu walikuwa wazima. Wa ndoo walikuwa wamelala. Nikavibeba vyote viwili mpaka mezani kwa Bwana Safi.

Aliangalia chungu, akaangalia ndoo. Akakaa. "Bati," akasema. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akisema, "Mimi mjinga." Mwezi huo huo mahori ya mbao yakarudi, na lami yake, na bomba likang'olewa. Nikamwuliza, "Na Mzee Chaula, Bwana?"

"Chaula kwisha kwenda. Maneno yake kwisha fungwa."

Bwana Safi hakuniuliza habari za mchanga, nami sikumwambia. Nilijipa sababu. Nina watoto wanne. Ameshafukuza mmoja, atashindwaje kufukuza wa pili? Sababu ya kweli ilikuwa aibu.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa. Hilo nililifanya, na nalitaja kwa sababu ni jema pekee katika habari hii. Walipinga. "Ndoo za bati tunazo sote, mbona hatufi?" Nikawaomba wanipe siku tatu. Jumatano niliweka ndoo na chungu katika chumba cha mikutano, nikawakabidhi ufunguo wao wenyewe. Jumamosi wakafungua, mchungaji akiwepo, na Mzee Chaula akiwa ameitwa. Chungu kizima, ndoo imekufa. Mchungaji akavua miwani akaifuta.

Ndipo mzee Kiswaga, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kanisa, mtu asiyepitwa na jambo, akauliza. "Mgaya, ndoo hii ni mpya, sawa. Lakini mahori yale yalikuwa na mwaka mzima. Umesema mwenyewe yalishatulia. Kwa nini yakaanza tena kuua, Chaula akiwa ameshapewa ufagio?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Maneno mawili tu: niliyasugua mimi. Mzee Chaula alikuwa amekaa mkabala nami, mikono juu ya magoti, ananitazama. Wote walikuwa wananitazama.

"Sijui," nikasema.

Mzee Chaula akainamisha kichwa.

Wakamfungulia. Jumapili iliyofuata alikwenda mbele, akapiga magoti kando yangu, tukashiriki. Lakini lile shimo nililoliacha watu walilijaza wenyewe. Wakasema bati ndilo lililoua, sawa, ila bati halianzi kuua bila mtu kuliambia. Togwa yake haikunywewa. Binti zake waliolewa, na wakwe walikuja na maji yao ya kunywa kwenye chupa. Alirudia mianzi yake, akawa anachonga vyombo vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, vya kuuzia watu, nao walivinunua na kwenda kuviosha mara tatu. Mimi nilipita kwake karibu kila juma nikanywa togwa, mbele ya watu, kwa sauti. Miaka kumi nimekunywa togwa ile. Nilijiambia inatosha. Yeye alinikaribisha, akaonja, akanipa, na suala la mahori hakuligusa hata siku moja. Baadaye masikio yakaanza kuziba, mazungumzo yetu yakawa mafupi.

Sasa mnakumbuka juma lile la mwisho, mlipokuwa mnatayarisha ndoo mpya za kupelekea vifaranga Kitulo. Mmoja wenu akaniletea moja kwa fahari. "Mzee Mgaya, tumezisugua kwa mchanga zote, tazama zinavyong'aa!" Mkashangaa nilivyofoka. Nisameheni. Ndoo mpya ilowekwe wiki nyingi, isiguswe na mchanga wala majivu, na ikiwezekana samaki wabebwe kwenye mapipa ya mbao. Niliwaambia hivyo, mkaandika. Kisha kijana yule akauliza, bila ubaya wowote, "Ulijuaje, Mzee?" Nikawaambia miguu inaniuma, tutaongea kesho. Siku ya kukabidhi funguo nilifungua daftari jekundu, nikautafuta ule mstari. Sikuukata. Nimeandika chini yake kwamba ni zinki, na kwamba aliyesugua mahori ni mimi, nikatia sahihi. Mkifungua mtaona.

Lakini daftari halisomwi kanisani.

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, mchungaji alitaja kwamba nimestaafu, akaniomba niseme neno. Watu walitegemea shukrani. Nilisimama nimeshika benchi la mbele yangu. Mzee Chaula alikuwa benchi la kwanza, kofia juu ya magoti kama siku zote, na jirani yake alikuwa mzee Kiswaga, ambaye naye sasa anatembea na mkongojo. Nikasema yote. Nikasema mchanga, majivu, gunia, Jumamosi. Nikasema kwamba niliulizwa mbele ya wazee nikajibu sijui, na kwamba nilikuwa najua. Nikasema, "Mmekataa togwa ya mtu huyu miaka kumi kwa ajili yangu."

Mzee Chaula aligeuka huku na huku, akaona watu wanalia wala hajui kwa nini. Akamgusa Kiswaga mkono. "Anasema nini?" akauliza, kwa ile sauti kubwa ya viziwi.

Kiswaga akamwinamia sikioni, akapaza sauti, na kanisa lote likasikia. "Anasema mahori aliyasugua yeye!"

"Aa," akasema Mzee Chaula. "Hilo nalijua. Nilikuwepo." Akanitazama, akatazama chini, kwenye magoti yangu. "Mwambie akae sasa. Miguu inamuuma."